Jabali la Liuli na Wanafunzi Waliolipa Sauti

Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliingia katika bandari ndogo ya Ziwa Nyasa ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, nasi leo twaijua kwa jina la Liuli. Jina hilo la Kijerumani lilitokana na jabali la ufukweni linalofanana na sanamu ile ya kale ya Misri. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni Rhoades akaamuru mzinga ufyatuliwe. Kapteni Berndt, Mjerumani aliyekuwa akinywa naye siku za amani, hakuwa amepata habari za vita; yasemekana alipiga makasia kuiendea Gwendolen, akafoka kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Akatiwa mbaroni.

Waandishi wa Ulaya hulipenda mno tukio hili, maana lachekesha. Lakini katika kicheko hicho Mnyasa hayumo. Hayumo aliyeivuta meli ile hadi nchi kavu, wala aliyekuwa akianika dagaa mzinga ulipolia.

Nilipokuwa sekondari wilayani Mbinga, mwalimu wa historia alitutaka tusimulie upya tukio lolote la kwetu. Msichana mmoja kutoka mwambao akalipa jabali lile ulimi. Jabali halikuwajua makapteni. Liliona mitumbwi miwili ya moshi ikigombana, likahesabu mama waliokimbia na watoto mgongoni. Hakubadili tarehe, hakubadili mshindi. Alibadili jicho tu. Hadi siku ile mashairi yangu yote yalikuwa ya mapenzi (na mabaya, ingawa vina vilitimia). Usiku huo nikatunga la kwanza lenye mahali ndani yake.

Darasa letu lilikuwa na Wanyasa, Wamatengo na Wangoni, na hapo ndipo zoezi lilipopata makali. Mvulana wa Kimatengo alisimulia ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayopamba miteremko ya Umatengo. Masimulizi husema mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19 ndiyo yaliyowasonga Wamatengo milimani, wakalazimika kulima palipo wima. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza miraba miraba, wanawake huchimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Hadithi yake ilikuwa na majitu mengi kupita kiasi, lakini alimweka humo mwanamke anayechimba huku ametega sikio, asijue kama shimo lile ni la maharage au la mumewe.

Mwenzetu wa Kingoni, aliyeketi dawati lilelile, akajibu kwa hadithi ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 baada ya Vita vya Majimaji. Wajukuu wa waliovamia na wa waliovamiwa wakasikilizana, na mwalimu hakuamua nani ana haki. Nadhani alifanya vyema.

Wako watakaosema kwamba kusimulia upya namna hii ni kuichezea historia. Hoja hiyo ina uzito, nami naipeleka Dar es Salaam. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya Majimaji, nao Gilbert Gwassa na John Iliffe wakachapisha kitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, naye kijana wa chuo hichohicho, akatoa tamthilia ya Kinjeketile. Katika utangulizi wake anatutahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya Kinjeketile Ngwale aliyeishi Ngarambe na kunyongwa Agosti 1905. Mtafiti alitunza neno la mzee. Mtunzi akaliongezea shaka, hofu na majuto, kisha akatuonyesha mpaka ulipo. Kwangu hiyo ndiyo adabu ya kazi hii, na yule msichana wa mwambao aliishika bila kufundishwa: chini ya karatasi yake aliandika aliyoyasikia kwa bibi yake, na kando yake aliyoyatia mwenyewe.

Sasa natunga utenzi wa ngoro. Beti za mwanamke wa Kimatengo na beti za kijana wa Kingoni zinafuatana humo, na katikati yao sikuweka msimulizi wa kuwapatanisha.