Kamera ya dola 1

Wiki hii hostel kwetu mjadala ni mmoja tu. Jamaa wa chumba cha pili anataka kujifunza kupiga picha, na kaapa boom lote linaishia kwenye kamera ya kubadilisha lenzi. Msosi atajua mbele ya safari. Anasema simu yake "haiwezi". Mimi si mpiga picha, ni mtu wa historia, kwa hiyo nikarudi kwenye mambo ninayoyajua.

Mwaka 1900 Kodak walitoa kamera iitwayo Brownie. Kule Marekani iliuzwa dola 1. Ukiiona utacheka: kiboksi cha karatasi ngumu chenye lenzi ya kawaida kabisa, hakuna pa kurekebishia umbali. Sasa kamera ikiwa haina cha kugeuza, anayebaki kugeuka ni wewe. Unarudi nyuma hatua kadhaa, unalipa jua mgongo, unabana pumzi mkono usitikisike.

Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alianza na hiyo hiyo Brownie. Mwaka 1935 mzee mmoja wa ukoo wao alimletea kutoka Senegal, wakati kijana anajifunza useremala. Mwaka 1948 akafungua studio. Pazia la nyuma ya wateja, mwanzoni, lilikuwa shuka la kitandani kwake! Mwanga mara nyingi ulikuwa wa jua tu. Filamu ilikuwa ghali, basi kila mteja alipigwa pozi moja, imetoka imetoka. Kazi yote ikafanyika kabla ya kufyatua: kaa hivi, mkono uwe hapa, geuza uso kidogo, tandaza gauni.

Tusidanganyane lakini. Studioni Keïta hakutumia tena Brownie, alikuwa na kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18. Ndiyo maana maua ya magauni yale yanaonekana moja moja mpaka leo. Kifaa kilimsaidia, tena sana. Ila kilimkuta keshajua kuangalia mtu. Na nadhani kilichomfundisha si ubovu wa Brownie, ni gharama ya kila pozi. Sisi kwenye graduation tunafyatua picha 200 kwa simu, halafu jioni hatuna hata moja ya kumtumia mama.

Jamaa akanijibu eti huko ni mbali, nimletee wa huku. Haya. Mohamed Amin, kazaliwa Nairobi 1943, akasoma hapa Dar, naye akaanza na Brownie. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapa hapa Dar, na Januari 1964 alikuwa Zanzibar akipiga Mapinduzi. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zikaonyeshwa BBC na dunia ikashtuka. Kweli, Brownie isingeweza kupiga habari ya televisheni, alihitaji mashine ya maana, na alikuwa nayo. Lakini kufikia Korem alikuwa na miaka 20 na zaidi kazini.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akatengenezewa wa bandia, akajifunza upya kushika kamera, akarudi kazini. Aliendelea hadi Novemba 1996, alipofariki kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini Comoro.