Muujiza Huhitaji Shahidi Anayekufahamu

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini, katika mhadhara juu ya historia ya makanisa ya Afrika Mashariki, sikutaja miujiza. Nilimjibu kwamba niliitaja kwa saa nzima, ila haikuwa ile aliyoizoea viwanjani, ambako mtu hutupa magongo yake mbele ya umati usiojua hata jina lake.

Mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana na Simeon Nsibambi, Mganda, katika kilima cha Namirembe, Kampala. Walisoma Maandiko na kuomba pamoja kwa siku mbili. Katika zama zile za ukoloni, Mzungu na Mwafrika kupiga magoti bega kwa bega na kukiri upungufu wao lilikuwa jambo geni. Katika miaka ya 1930, Gahini ikawa chimbuko la Uamsho ulioenea Uganda, Kenya na hata Bukoba huku kwetu. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Wao kwa wao waliitana ndugu.

Nguvu ya Uamsho ilikuwa katika mikutano midogo ya ushirika. Humo kila mtu aliitaja dhambi yake kwa jina. Aliyeiba alirudisha alichoiba, na aliyekuwa na kinyongo alikwenda kuomba radhi. Mmishenari naye alitarajiwa kuungama dharau yake kwa Waafrika. Waliosikiliza walikuwa jirani, mke, mdai na mfanyakazi mwenzake. Jumuiya ilimwombea aliyeungama, kisha ikamtazama mwenendo wake. Muujiza wao ulikuwa mtu aliyebadilika, na waliouthibitisha ni wale waliomjua kabla hajabadilika.

Ushuhuda huo uliwagharimu. Mwaka 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono. Katika miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kiapo na wakakataa vilevile bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa. Tunaweza kuubishia uamuzi wao kisiasa, lakini hatuwezi kusema ulikuwa rahisi.

Hata hivyo, historia hainiruhusu kuishia hapo. Mwaka 1994, katika nchi hiyohiyo ya Gahini, watu waliuawa hata ndani ya majengo ya makanisa, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waumini. Wapo Wakristo waliowaficha majirani zao, lakini kwa jumla makanisa yalishindwa. Naona hapo onyo: jumuiya inayochunguza dhambi ya mtu mmojammoja huku ikinyamazia chuki ya taifa zima imeifanya nusu tu ya kazi yake.

Nchini mwetu leo shuhuda ni nyingi: za uponyaji, za gari, za kupandishwa cheo. Sizikejeli, maumivu ya watu ni ya kweli, na mwenye shida ana haki ya kuomba. Ninachouliza ni hiki: katika ibada zetu zilizojaa watumishi wa umma, ni lini mara ya mwisho tuliposikia mtu akishuhudia kwamba amerudisha fedha za umma, huku mhasibu mwenzake ameketi pale pale akimsikiliza?