Kiwanda kimesimama au kimekufa?

Kimya changu kilikuwa cha tesiti, mnisamehe. Leo ni historia, ila si mkutano wa Berlin tena (nimechoka kugawa Afrika kila semista).

Jana nikitoka Njiro, daladala ikapita karibu na General Tyre. Mzee mmoja akasema, "Kiwanda hiki kimesimama." Dada wa pembeni akamjibu, "Baba, hicho kimekufa." Watu wakacheka. Mimi nikabaki nalo hadi hosteli.

Maana kumbukumbu zinasemaje? 1969 kampuni inaanzishwa, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, serikali ikiwa na asilimia 74 na Wamarekani wa General Tire 26. 1971 matairi yanaanza kutoka. 1987 Continental ya Ujerumani inainunua General Tire. 2009 uzalishaji unasimama. Hayo ni matukio tu. "Kimekufa" ni hukumu ya msomaji.

Hata mashine moja iko hivyo hivyo. Mwaka huohuo wa 1969, Marekani walitoa Modicon 084, kompyuta ya mwanzo ya kuongoza mitambo viwandani. Wajukuu zake leo huandika kila tukio na saa yake: mlango umefungwa, mvuke umepanda, tairi limetoka. Lakini "mbovu" hawaijui. Lazima mtu aweke kanuni: dakika 20 zikipita bila tairi na kuna hitilafu, iite "mbovu", kama hitilafu hakuna ila mpira haujaletwa, iite "inasubiri". Hapo ndo patamu. Ukiita kila kimya "mbovu", lawama zote kwa fundi, kumbe stoo ndo wamechelewa! Na ukisema hali ya mwisho iendelee mpaka tukio jipya lije, siku umeme ukikatika utaambiwa mashine imezalisha usiku kucha, gizani.

Si tunayajua haya? 38 ni namba tu kwenye karatasi. Kanuni za chuo ndo zinakuita sapu au disko.

Kanuni ya yule mzee haina kikomo cha muda: majengo yapo, basi kimesimama. Namheshimu, ila niko na dada. Tangu 2009 bungeni wameongea mara kibao kuhusu kukifufua kiwanda. Sasa jamani, kilichosimama tu kinafufuliwaje?