Bendi ya Shule na Historia ya Neno "Jazi" katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya neno moja, jazi, kwa kulitazama kupitia mmojawapo wa milango ambayo vijana wa Afrika Mashariki wameuingilia muziki, yaani bendi ya shule. Tunaanzia Suam, mji mdogo wa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kijana wa huko anayetafuta elimu ya sekondari huweza kuteremka Kitale, au kuendelea hadi Bungoma, ambako Kanisa la Marafiki lilianzisha shule ya Kamusinga mwaka 1957. Tuchukulie kwamba kijana huyo, akiwa katika shule yoyote ya sehemu hizo, anaalikwa kujiunga na bendi ya jazi. Je, anaalikwa katika jambo gani?

Akimwuliza mwalimu wake, ataelezwa habari za muziki wa Wamarekani Weusi, wa tarumbeta na saksafoni. Akimwuliza babu yake, atatajiwa magitaa, dansi na majina kama Shirati Jazz. Wako wanaosema kuwa babu amekosea, na kwamba bendi zetu za zamani zilijiita "jazz" kwa kutojua maana ya neno hilo. Rai yetu ni kwamba babu hakukosea. Neno lilipofika kwetu lilipata maana yake halali, na maana hiyo ina uhusiano wa karibu na ile ya mwalimu kuliko inavyodhaniwa.

Mzazi mmoja: bendi ya matarumbeta

Katika mwambao wa Kenya, Chama cha Kimisionari cha Kanisa (CMS) kilianzisha makazi ya watumwa walioachwa huru huko Freretown, karibu na Mombasa, mwaka 1875. Misheni hiyo ilikuwa na shule, na ilikuwa pia na bendi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975, ameonyesha jinsi mifano ya bendi za namna hii, pamoja na zile za jeshi, ilivyozaa ngoma ya beni huko Mombasa na Lamu katika miaka ya 1890. Jina lenyewe, beni, ni neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, lililofuata matamshi ya Waswahili. Baadaye, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari na wapagazi waliieneza beni hadi bara.

Sasa tutazame ng'ambo ya pili. Huko New Orleans, Marekani, jazi ilikua katika mazingira yaliyojaa bendi za matarumbeta za kuandamana barabarani. Louis Armstrong, aliyekuja kuwa mpiga tarumbeta mashuhuri kuliko wote, alifunzwa koneti mwaka 1913 katika bendi ya nyumba ya kurekebishia watoto ambamo alikuwa amefungiwa. Neno lenyewe halikuwa limetulia bado: bendi iliyotoa sahani ya kwanza ya muziki huo, mwaka 1917, ililiandika jina lake kwa "Jass".

Kwa hiyo, pande zote mbili za bahari tunakuta mambo yanayofanana: watoto wasio na kitu, taasisi inayowalea kwa nidhamu ya kijeshi, na ala za shaba. Jazi ya Marekani na beni ya Mombasa hazikuzaana, lakini zilinyonya titi moja. Hali hiyo haijapita. Tangu mwaka 2008 mpango wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha ala watoto wa Korogocho, Nairobi, na tamasha la jazi la Safaricom lililoanza mwaka 2014 lilielekeza mapato yake katika kuusaidia.

Jazi kama jina la chama

Kufikia miaka ya 1930 beni ilikuwa ikipisha dansi, muziki wa klabu za mijini, ambao baadaye ulitawaliwa na gitaa. Hapo ndipo neno jazi linapojitokeza katika majina. Dar es Salaam Jazz Band huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1932. Zikafuata Morogoro Jazz katika miaka ya 1940 na Western Jazz mwishoni mwa miaka ya 1950. Upande wa Kenya, wapigaji wa benga nao walilichukua: Shirati Jazz ya D. O. Misiani, iliyopewa jina la mji wa Shirati mkoani Mara, Tanzania, na Victoria Jazz.

Ukizichunguza bendi hizi huoni mtindo mmoja wa muziki unaoziunganisha. Moja ilipiga rumba yenye asili ya Kyuba, nyingine benga. Kilichoziunganisha ni muundo: jazi ilikuwa chama cha wapigaji wenye ala za kisasa, wanaoitumbuiza hadhara ya wachezaji. Aghalabu jina la mahali lilitangulia, na Jazz ikafuata, kama vile tunavyosema leo "klabu" au "timu".

Yafaa tutaje pia kwamba Kiswahili kilikuwa na kitenzi jazi tangu zamani, chenye asili ya Kiarabu na maana ya kulipa au kutuza, ambacho msomaji wa Biblia anakifahamu. Huenda hii ni sababu mojawapo iliyofanya tahajia ya kigeni idumu katika majina ya bendi.

Mwanafunzi kati ya nota na sikio

Katika Kenya ya Magharibi mwanafunzi alikuta mapokeo mawili. La kwanza ni la nota. Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, lilipata wafuasi wengi sehemu hizo, na bendi zake zilimfundisha kijana kusoma muziki kama alivyosoma herufi. La pili ni la sikio. Wabukusu walikuwa na litungu la nyuzi saba, na majirani zao walikuwa na wapiga gitaa kama George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, waliodonoa nyuzi kwa vidole. Abana ba Nasery, kutoka Bunyore, walitumia chupa ya soda kuwa ala ya mdundo. Na jina lao, "watoto wa shule ya chekechea", limetoka shuleni.

Nota ilipata heshima ya darasani, lakini gitaa, machoni pa wazazi na walimu wengi, lilikuwa njia ya uhuni. Gharama ya mgawanyiko huo haikuwa ndogo. Mbaraka Mwinshehe aliacha shule akiwa kijana, akaingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960; alipofariki mwaka 1979 alikuwa amewaachia Waswahili hazina kubwa ya nyimbo. Kipaji chake kilikomaa nje ya shule.

Mgawanyiko huo unaonekana hata katika sarufi. Mzee wa bendi hupiga gitaa na hupuliza tarumbeta. Anayecheza muziki ni yule anayeinuka kitini. Mwanafunzi wa leo husema "nacheza gitaa", kwa kufuata Kiingereza, na kwa kitenzi hicho kimoja mpigaji na mchezaji wanachanganywa.

Hitimisho

Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2017, umeutengea sanaa na michezo mkondo wake katika sekondari ya juu. Mlango uliofungwa kwa kizazi cha Mbaraka unaweza kufunguliwa. Lakini ikiwa bendi ya shule itafundisha kwamba jazi ni ya New Orleans tu, kijana wa Suam atajiona mgeni katika nyumba ambayo wazee wake walishiriki kuijenga.

Tunapendekeza, basi, kamusi zetu ziorodheshe jazi kwa maana zote mbili: muziki uliozaliwa Marekani, na chama cha wapigaji wa dansi au benga katika Afrika Mashariki. Na kabla ya hapo, wanafunzi wa bendi watumwe kwa wazee wakayaandike maneno ya kazi hiyo, namna walivyoita kila gitaa, kila pigo na kila kosa. Wenye maneno hayo wanapungua kila mwaka, na mengi ya maneno hayo hayajaandikwa popote.