Usharika na Mchungaji Wake: Kutoka Leisnig hadi Msasani

Mwaka 1523 Martin Luther aliwaandikia Wakristo wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony, akitetea haki ya usharika kuyapima mafundisho yote na kuwaita walimu wake. Miaka saba baadaye Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 14, likakataza mtu kufundisha hadharani au kutoa sakramenti asipokuwa ameitwa kwa utaratibu. Kanisa letu limerithi mambo haya mawili pamoja: haki ya waumini na utaratibu wa Kanisa. Tunauliza hapa yamekaaje pamoja katika pwani yetu, na usharika wa mahali kama Msasani hutafuta nini kwa mchungaji ambaye haukumchagua wenyewe.

Wamisionari wa Kilutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na mwaka 1903 kazi yao ikakabidhiwa kwa Misioni ya Berlin. Katika vituo kama Kisarawe na Maneromango, mchungaji alitumwa kutoka Ujerumani. Waumini wachanga hawakuulizwa. Kisha vita vikageuza mambo. Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliitwaa Dar es Salaam, wamisionari wakaondolewa, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Hao hawakuwa na chama nyuma yao wala mshahara wa uhakika. Walisikilizwa kwa kuwa walijulikana.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa KKKT, moja likiwa Kanisa la Uzaramo-Uluguru, ambalo ndilo chimbuko la Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Washarika huwachagua wazee wao, na mkutano mkuu wa dayosisi humchagua askofu. Lakini mchungaji hupangwa na kuhamishwa na dayosisi.

Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi, na makaburi yake ya kale yashuhudia kwamba Waislamu waliishi hapo karne nyingi kabla ya kengele ya kanisa kusikika. Jiji lilipopanuka baada ya Uhuru, Walutheri walikuja kutoka kila upande. Mchaga alikuja na urithi wa Leipzig, Mbena na ule wa Berlin, Mhaya na ule wa Betheli pamoja na moto wa uamsho uliowaka Bukoba tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Kila mmoja alibeba moyoni sura ya mchungaji wa kwao. Ndiyo maana, habari ya uhamisho inapovuma, maswali hayafanani. Huyu auliza kama mgeni ajua kuhubiri. Yule, kama atabisha hodi nyumbani kwa mgonjwa. Mwingine, kama atakaa na wafiwa hadi matanga yaishe, na kama hesabu za sadaka zitasomwa wazi. Na katika pwani liko swali moja zaidi: je, ataweza kuishi kwa heshima na jirani Mwislamu?

Wako wanaosema kwamba usharika unaomlipa mchungaji uachiwe kumchagua. Hatukubaliani nao. Sharika za mjini zikichagua kwa uwezo wa mifuko yao, nani atakwenda Rufiji? Utaratibu wa kupangwa humlinda maskini. Humlinda pia mchungaji anayelazimika kumkemea tajiri wa usharika wake.

Lakini utaratibu usiosikiliza huzaa manung'uniko, na manung'uniko huzaa makundi. Twaona yafaa baraza la wazee liulizwe kabla ya uhamisho, si kwa kutaja majina bali kwa kueleza mahitaji: usharika una wagonjwa wangapi, vijana wangapi, ugomvi gani usiopatanishwa. Hivyo Leisnig itasikika bila Augsburg kuvunjwa.

Tena wazee hao na waisome upya sura ya tatu ya Waraka wa kwanza kwa Timotheo. Humo karibu kila sifa yahusu mwenendo. Ufasaha na uwezo wa kuchangisha fedha havitajwi. Walimu wa Uzaramo wa mwaka 1916 wangalipimwa kwa mizani hiyo, twaamini wengi wao wasingalipungua. Nasi tunaojiandaa kutumwa, tujipime kwa hiyo kabla washarika hawajatupima.