Ngika na Gumha: Ubishi Usio na Mshindi

Mwaka 1970 wapenzi wa ndondi walioneshwa filamu ambamo kompyuta ilimpa Rocky Marciano ushindi dhidi ya Muhammad Ali katika raundi ya 13. Ubishi wa nani kati yao alikuwa bora haukwisha. Usukumani, kusini mwa Ziwa Viktoria, ubishi kama huo umevuka karne nzima: kati ya Ngika na Gumha, magwiji wa ngoma wa karne ya 19, nani alikuwa zaidi? Wafuasi wa Ngika ni Bagika. Wa Gumha ni Bagalu. Naona swali hilo halina jibu, kwa kuwa kipimo chenyewe hakikuwa mchezaji. Kwa desturi, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika viwanja jirani, na mshindi ni anayevuta umati mkubwa. Mcheza kwao hutunzwa. Umati wa enzi zile hauwezi kuitwa tena kumtunza yeyote.

Wapo watakaosema tulinganishe dawa za uganga za magwiji hao, maana ndiyo iliyoaminika kuwavuta watazamaji. Lakini ukali wa dawa ulijulikana baada ya ushindi, hivyo hoja inajizunguka yenyewe. Kilichobaki dhahiri ni matunda ya ushindani: kila upande ulilazimika kubuni, mmoja ukiingia na majembe, mwingine na chatu hai. Ndiyo maana sikukuu ya Bulabo, pale Bujora karibu na Mwanza, bado inawakutanisha Bagika na Bagalu. Ubishi ungepata jibu, uwanja ungebaki mtupu.