Bunduki za Kijeshi za Zamani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua kwa Ajili ya Shabaha au Uwindaji

Bunduki za kijeshi zinazokokiwa kwa mkono, zilizotengenezwa kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na Vita vya Pili vya Dunia, bado zinatumika sehemu mbalimbali duniani katika mchezo wa shabaha na katika uwindaji halali. Majeshi yalipohamia silaha zinazojipakia zenyewe, mamilioni ya bunduki hizo yalibaki maghalani na baadaye kuuzwa kama ziada. Ni imara, mfumo wake ni rahisi kueleweka, na kwa muda mrefu bei yake ilikuwa chini ya ile ya bunduki mpya za uwindaji.

Hata hivyo, silaha yenye umri wa miaka 80 au 100 haichaguliwi kwa umaarufu wa jina lake wala kwa unafuu wa bei. Mambo manne ndiyo yanayopaswa kuamua: kibali cha kisheria, aina ya risasi, hali ya bunduki yenyewe na kazi iliyokusudiwa.

Kibali hutangulia ununuzi

Nchini Tanzania, umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa mujibu wa sheria hiyo, hakuna raia anayeruhusiwa kumiliki bunduki au risasi bila leseni. Si kila silaha iliyotoka jeshini inaweza kumilikiwa na raia; hivyo ni busara mwombaji apate uamuzi wa mamlaka ya leseni kabla ya kulipa fedha kwa muuzaji.

Bunduki iliyoachwa na marehemu nayo haiwi mali ya kutumiwa na mrithi kwa sababu tu imekutwa nyumbani. Leseni hutolewa kwa mtu, si kwa familia. Ndugu wanaokuta silaha ya aina hiyo wanapaswa kutoa taarifa Polisi badala ya kuificha, kuiuza au kuijaribu.

Aidha, leseni ya kumiliki silaha si leseni ya kuwinda. Uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ambayo inahitaji kibali chake. Nchini Kenya, uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mmiliki halali wa bunduki huko hawezi kuitumia kuwindia.

Aina zinazojulikana zaidi

Lee-Enfield ya Uingereza ndiyo yenye historia ndefu zaidi katika Afrika Mashariki, kwa kuwa ilibebwa na askari wa King's African Rifles katika vita vyote viwili vya dunia. Toleo la Mark III lilianza mwaka 1907, na toleo la No. 4 lilitumika katika Vita vya Pili. Hutumia risasi ya .303, hubeba risasi 10, na komeo lake hukokiwa kwa wepesi kuliko la bunduki nyingi za wakati wake. Nchini Canada, askari wa doria wa maeneo ya kaskazini waliitumia No. 4 tangu mwaka 1947 hadi ilipoanza kubadilishwa katika miaka ya 2010, kwa sababu iliendelea kufanya kazi katika baridi kali.

Mauser ya mwaka 1898 ya Ujerumani hubeba risasi tano. Komeo lake lina meno mawili ya kufungia mbele na jino la tatu la usalama nyuma, pamoja na ndoano pana inayolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini. Wawindaji huithamini kwa sababu ndoano hiyo hupunguza uwezekano wa risasi kukwama wakati wa hatari. Mfumo huo ndio uliotumika baadaye kuunda bunduki nyingi za uwindaji. Mauser za mwaka 1893 na 1895 hufanana nayo kwa sura, lakini hazina jino la tatu na hazikuundwa kuhimili mgandamizo uleule.

Mosin-Nagant ya Urusi, iliyoanza mwaka 1891, hubeba risasi tano na husifika kwa uimara, ingawa komeo lake ni zito kulikoki. Springfield ya Marekani ya mwaka 1903 hutumia risasi ya .30-06, ambayo bado inatengenezwa kwa wingi. Hata hivyo, bunduki za aina hiyo zilizotoka kiwanda cha Springfield zikiwa na namba chini ya 800,000, na zile za kiwanda cha Rock Island zenye namba chini ya 285,507, hazishauriwi kufyatuliwa. Chuma cha sehemu yake ya kati kilipashwa joto kwa njia iliyokifanya kuwa rahisi kuvunjika. Mfano huo unaonesha kuwa bunduki mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kwa usalama kutokana na namba tu.

Risasi: jina linalofanana halitoshi

Kosa la hatari zaidi ni kuweka chembani risasi isiyo ya bunduki hiyo. Namba "7.62" peke yake haitoshi kutambulisha risasi. Mosin-Nagant hutumia risasi yenye ganda la milimita 54 na ukingo uliotokeza kitakoni. Risasi ya bunduki za kivita za AK-47 ina ganda la milimita 39. Na ile ya nchi za NATO ina ganda la milimita 51. Hazibadilishani.

Kwa Mauser ya Ujerumani, risasi ya awali ilikuwa na kipenyo cha inchi .318. Kuanzia mwaka 1905 ilipitishwa yenye inchi .323. Bunduki nyingi zilirekebishwa, lakini si zote; risasi nene ikifyatuliwa katika mtutu mwembamba, mgandamizo huongezeka kupita kiasi. Vilevile, kiwanda cha Ishapore nchini India kilitengeneza katika miaka ya 1960 bunduki inayofanana sana na Lee-Enfield ya .303, lakini inayotumia risasi ya 7.62 ya NATO.

Mnunuzi hana budi kusoma alama zilizogongwa kwenye mtutu na kumtaka fundi wa silaha aliyesajiliwa athibitishe vipimo vya chemba. Ni muhimu pia kuhakikisha kuwa risasi husika inapatikana kwa muuzaji halali. Bunduki nzuri isiyo na risasi ni pambo la ukutani.

Ukaguzi wa bunduki yenyewe

Ukaguzi huanza kwa kuhakikisha kuwa chemba na magazini ni tupu. Baada ya hapo, namba ya komeo hulinganishwa na namba ya sehemu ya kati ya bunduki. Namba zisipolingana, huenda komeo lilitoka kwenye bunduki nyingine. Hilo pekee si sababu ya kuikataa silaha, lakini hufanya kipimo kinachofuata kuwa cha lazima.

Kipimo hicho ni cha nafasi kati ya uso wa komeo na kitako cha ganda la risasi. Nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto kurudi usoni mwa mpigaji. Fundi huipima kwa geji maalumu, si kwa kukadiria kwa macho. Kwa Lee-Enfield No. 4, kichwa cha komeo kilitengenezwa kwa ukubwa tofauti, kuanzia namba 0 hadi 3, ili nafasi hiyo irekebishwe.

Mtutu hukaguliwa kwa kuangalia mwanga ndani yake. Mifereji ya mzunguko inapaswa kuonekana wazi, bila vishimo vya kutu wala uvimbe. Mdomo wa mtutu uchunguzwe kwa makini, kwani askari wengi walisafisha bunduki kuanzia mbele, na ufito wa kusafishia ulipanua mdomo huo. Ubao wa kitako nao usiwe na nyufa, hasa nyuma ya komeo ambako ndiko nguvu ya msukumo huishia.

Kwa ajili ya shabaha

Vilengeo vya kijeshi viliwekwa kwa ajili ya vita. Kilengeo cha Gewehr 98 ya Vita vya Kwanza vya Dunia hakikushuka chini ya mita 400. Hivyo katika uwanja wa mita 100 risasi zake huenda juu ya alama. Mpigaji anaweza kufikiri kuwa bunduki ni mbovu, kumbe inafanya ilichoundiwa. Kubadilisha mbegu ya mbele kwa iliyo ndefu zaidi hurekebisha hali hiyo bila kuiharibu silaha. Kutoboa chuma ili kufunga darubini hupunguza thamani yake ya kihistoria, na kazi hiyo ikifanywa vibaya huidhoofisha.

Kwa ajili ya uwindaji

Risasi ya kijeshi yenye ganda gumu la chuma haifai kuwindia. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazopanuka mwilini, ndiyo maana risasi za jeshi hupenya na kutokea upande wa pili. Mnyama aliyepigwa kwa risasi hiyo anaweza kukimbia mbali akiwa na jeraha na kufia porini kwa mateso. Mwindaji anapaswa kutumia risasi ya kuwindia yenye ncha laini.

Risasi ya .303 ya kijeshi ilikuwa na uzito wa takriban gramu 11 na mwendo wa mita 740 hivi kwa sekunde. Ikiwa na ncha laini, nguvu hiyo inatosha kwa swala, ngiri na kongoni katika masafa ya kawaida. Haitoshi kwa nyati, ambaye desturi ya uwindaji Afrika humtengea bunduki isiyopungua .375. Mwindaji maarufu W. D. M. Bell aliua tembo wengi Karamoja, nchini Uganda, kwa Mauser ya risasi ndogo, lakini alifanya hivyo kwa kulijua vyema umbo la ndani la mnyama. Mfano wake si kipimo kwa mwindaji wa kawaida.

Utunzaji

Risasi nyingi za zamani zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na katika maeneo ya pwani kama Tanga, Mombasa au Zanzibar kutu inaweza kuanza ndani ya siku moja. Mafuta peke yake hayaiondoi. Mtutu huoshwa kwa maji ya moto siku hiyohiyo, hukaushwa, kisha hupakwa mafuta. Bunduki na risasi zihifadhiwe kwa kufuli, mbali na watoto.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Bunduki ya bei nafuu isiyopimwa na fundi inaweza kumgharimu mmiliki jicho, mkono au maisha. Mwananchi anayehitaji maelezo kuhusu leseni, au aliye na silaha asiyojua uhalali wake, anashauriwa kufika katika kituo cha Polisi kilicho karibu naye.